Mutoto wangu alichora barabara yetu ku karatasi ya kushonea, tukafika nayo ku barrière

Bakubwa, bamama na babaa ba hapa, salamu kwa kila mutu ku fasi iko. Miye ni Mama Kahindo, nashonaka nguo hapa Beni. Hii nitaandika ilinifikia miye mwenyewe, sikuambiwa na mutu. Mwenye hataki kuamini apite tu, sitakasirika.

Kusema kweli nitakasirika, mais hata vile apite.

Nimezoea kusoma habari za bengine hapa na kucheka. Leo naandika juu moyo haitulie.

Kahindo, mutoto wangu mwanamuke, iko na miaka tisa. Tangu masomo ya quartier yetu ilifungwa juu ya usalama, baalimu balikimbilia fasi ingine, batoto bakabaki ku nyumba. Bengine banafurahi. Wangu, hapana. Alimaliza kitabu ya quatrième, darasa ya ine, ndani ya wiki mbili. Akaazima ya cinquième kwa jirani, akaimaliza. Kisha akaanza kusoma makaratasi ya dawa. Akasoma hata ile kitabu ndogo ya mashine yangu ya kushona, akaniambia kuna fasi moja sijatiaka mafuta tangu niinunue.

Ilikuwa kweli.

Batu banasemaka mutoto wa akili ni baraka. Bakuje baishi naye siku tatu. Anauliza mpaka sindano inakuchoma kidole. Mama, juu ya nini mukono ya nguo inakatwa mviringo? Mama, mvua ya kule Masereka milimani na mvua ya hapa ni moja? Unajibu, unajibu, kisha sauti inapanda. Miye sina subira, benye bananijua banajua.

Nikapigia Maître simu. Ni mwalimu muzee wa Butembo, alinisomesha miye mwenyewe zamani. Akaniambia: "Mama Kahindo, mutoto kama huyo ukimuacha bure, akili itajitafutia kazi. Umupatie kazi yenye haiishe. Na siku utaleta nguo huku, kuja naye nimuone."

Kazi yenye haiishe. Mutu wa akili angekaa afikiri. Miye nilikuwa na nguo sita za harusi, za basichana ba kusindikiza bibi harusi, na bote balikuwa banapiga simu. Nikamuonyesha Kahindo dirisha. "Angalia barabara. Kila kitu kinapita, hesabu. Moto, gari, mbuzi. Utafute inapita saa gani na juu ya nini."

Moto huku kwetu ni pikipiki, kwa benye bako mbali. Nikarudi ku mashine.

Wiki tatu, bakubwa, nyumba ilinyamaza. Nilifurahi sana. Nilijisifu hata kwa jirani.

Sikuuliza anaandika ku nini. Daftari zilikuwa zimeisha. Alikuwa anaandika ku ile karatasi ya kaki nakatia ma patron. Kwa benye habashonake: patron ni karatasi ya kipimo. Unaikata sura ya mugongo, ya mbele, ya mikono, kisha unaiweka juu ya kitambaa na kukata. Kahindo aliandika upande wa ndani na crayon, penseli yake, kisha akaikunja vizuri kabisa. Miye nikakata upande wa inje. Niliona alama za crayon, nikasema ni michezo ya mutoto.

Siku ya kupeleka nguo Butembo ikafika. Nikafunga nguo, nikatia na ma patron juu ya marekebisho, nikabeba Kahindo amuone Maître. Ku barrière, fasi basoda, maana askari ba jeshi, banasimamisha batu njiani, mutu anashuka, anaonyesha carte ya utambulisho, anafungua mizigo. Kawaida. Soda kijana akaangalia nguo, alikuwa tayari kufunga. Kisha akakunjua karatasi moja. Akaigeuza. Akaita mukubwa wake.

Mukubwa alikuwa mutu wa kutoka mbali, Kiswahili kidogo, Lingala nyingi. Akaweka karatasi ku banc ya kukalia. Mugongo, mbele, mikono mbili. Akaanza kuziunganisha.

Na miye niliona kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa barabara yetu. Kanisa, bomba ya maji, daraja, fasi basoda banasimamaka. Pembeni, masaa. Magari makubwa ya kijani ya basoda: siku gani, saa gani, ngapi zilienda, ngapi zilirudi.

Benye banaishi huku banajua. Huku mutu anaweza kupotea juu ya karatasi ndogo kuliko ile.

"Nani asali oyo?" Nani alifanya hii.

Nilifungua kinywa niseme ni miye. Naapa nilitaka kusema ni miye. Kahindo akanitangulia.

"Ni miye, tonton. Mais umeziweka mubaya. Mukono ya kushoto inaenda huku."

Akanyoosha mukono akageuza karatasi. Barabara ikakutana sawasawa.

Balituweka pale tangu asubuhi mpaka jua ikageuka. Balichukua simu yangu, bakasoma majina yote. Nani alikutuma? Baba ya mutoto iko wapi? Nikasema iko Kamango, anauzaka bintu kule. Pale pale nikaona uso ya mukubwa inabadilika, juu Kamango na mupaka ni jirani, na mutu wa kule banamushuku anapelelezia waasi. Nilijibu kweli, na kweli ikanizamisha zaidi.

Na Kahindo, yeye alikuwa anaeleza kama mutu iko mbele ya tableau ya masomo. "Zinapita sana siku za mardi na vendredi. Mwanzo nilifikiri ni juu ya soko. Kisha nikaona hapana, soko haiko vendredi." Nikamufinya ku mugongo anyamaze.

"Mama, unanifinya juu ya nini?"

Mukubwa akamuangalia murefu. Akamuuliza tangu tufike, moto ngapi imepita. Kahindo hakugeuka hata kuangalia. "Makumi mbili na tatu. Moja ilirudishwa, ya yule baba mwenye kuku." Soda kijana akatikisa kichwa kwamba ni kweli.

Miye nilikuwa nasema Salamu Maria ndani ya moyo, napoteza maneno, naanza tena.

"Mwana oyo aza na mayele mingi," mukubwa akasema polepole, maana mutoto huyu iko na akili mingi. Kisha akanigeukia na Kiswahili yake. "Mama, niko na batoto bane, siku mingi sijabaona. Leo umekuta miye. Siku ingine utakuta mwingine."

Akachukua karatasi zote. Pembeni ya barrière kulikuwa mama mwenye anachomaka makemba, ndizi za kupika. Akazitia mule mu makala yake yenye ilikuwa inawaka, moja moja, mpaka ya mwisho. Yule mama hakuuliza kitu, akasogeza tu makemba zake. Kahindo aliangalia mpaka mwisho. Hakulia.

Nguo tulifikisha. Kwa Maître hatukuenda, sikuwa na nguvu ya kusalimia mutu.

Sasa hapa ndipo woga ya kweli ilianzia.

Kahindo aliacha kuuliza. Siku kumi. Nilikuwa nimefunga dirisha ya barabara na misumari, anakaa chini yake, anaangalia ukuta. Anafagia, anakula, "ndiyo mama". Jirani akanipongeza, mutoto amepata adabu. Nilitaka kumufukuza yule jirani. Ku barrière niliogopa bataninyanganya mutoto. Mu nyumba niliona kama tayari bamenyanganya, na miye ndiye nilishika mulango.

Nikapigia Maître na hasira yote. "Kazi yako yenye haiishe ilitaka kutumaliza."

Akajibu: "Nilisema kazi, Mama Kahindo. Sikusema dirisha. Weye unafanyaka nini mu nyumba kila siku?"

Nikamukatia simu. Ndiyo, muzee kama yule. Mutanisamehe.

Kesho yake client mumoja akaleta kikwembe, kitambaa ya kitenge. Anataka jupe, blouse, na robe ya mutoto, mais kitambaa ilikuwa kidogo. Nikaitandika chini, nikapanga, nikapangua. Nilikuwa naikunja nimurudishie. Sauti ikatoka ku pembe.

"Geuza mugongo kichwa chini."

Siku kumi, bakubwa, na ilikuwa neno yake ya kwanza. Sikumuangalia, niliogopa anyamaze tena. Nikageuza patron ya mugongo. Ikaenea. Mais kikwembe ilikuwa ya ndege, na sasa ndege za mugongo zilikuwa vichwa chini. Nikamuambia, hapana, huyu mama hatavaa ndege zenye zimekufa. Akakunja uso. Akashuka chini na karatasi zake, na kwa siku tatu nilikuwa namuruka nikipita. Siku ya tatu akaniita. Ndege zote zilikuwa vichwa juu, na kitambaa yenye ilibaki ilikuwa kama kiganja.

Niliingia chumba cha kulala nikalia. Tangu pale hiyo ndiyo kazi yake. Kila kikwembe iko na maua yake, kila client na mwili yake, haiishe kabisa. Na maswali yamerudi. Mungu asifiwe, na subira yangu haijaongezeka.

Ningeishia hapo, ungekuwa uzi wa furaha. Mais wiki iliyopita tulipita ku barrière tena, tunaenda kwa Maître. Asubuhi, nikimusuka nywele, nilimufundisha: bakikuuliza kitu, weye hujue. Hujaona, hujahesabu, hujue. Akauliza ni uongo ama hapana. Nikamukaza nywele, nikasema, rudilia maneno yangu.

Soda wa siku ile alikuwa mwingine. Kijana, anacheka, na biskuti mu mukono. Alitaka kucheza tu na mutoto. Akainama: "Petite, unajua kuhesabu? Hesabu mpaka kumi nikupatie biskuti."

Kahindo akaniangalia. Kisha akaangalia miguu yake.

"Sijue, tonton."

Soda akacheka, akamupatia biskuti hata vile. Akaniambia, "Mama, peleka mutoto ku masomo."

Nikajibu, "Ndiyo, chef."

Ku moto alikula biskuti bila kusema. Alikuwa amejibu vizuri sana, sauti yake haikutetemeka, na hiyo ndiyo inaniamusha kila asubuhi.

Fundisho yangu ni hii. Mutoto wa akili mwenye anasomea ku nyumba, usimupatie kazi ya kukuondolea kelele. Umupatie kazi yenye weye mwenyewe unafanya, ile ngumu, ukae naye chini. Na geuza karatasi yake uone nyuma kuna nini.

Ya pili sijapata, ndiyo nauliza. Benye muko na batoto kama huyu, ku fasi kama hizi zetu, munabafundisha namna gani kuficha akili bila kuizima? Muniandikie hapa chini, hata mwenye atanitukana nitasoma. Juu naogopa siku moja mutu atamuuliza mutoto wangu kama anajua, atajibu "sijue", na itakuwa kweli.

Wasingya, asanti sana bakubwa.