Barua Yangu kwa Seneta

Harufu ya pasi ya moto juu ya shati lililotiwa wanga hunirudisha katika nyumba yetu ya vyumba viwili jijini Doha, mwaka nilipotimiza miaka kumi. Mama alikuwa muuguzi, na Baba dereva wa wageni wa hoteli. Kila alfajiri alijipigia pasi shati lake jeupe, kiyoyozi kikinguruma dirishani, nami nikinusa ule mvuke kitandani. Wiki moja niliona anakawia kwenye kola kuliko kawaida. Alikuwa amepangiwa kumwendesha seneta mzee kutoka Marekani.

Alimwendesha siku tatu, na kila jioni tuliketi kumsikiliza Baba akitupa habari zake. Seneta hakutaka kiti cha nyuma. Alikaa mbele na kusimulia maisha yake: mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyeshindwa uchaguzi wa kwanza hata kijijini kwao, kisha akashinda kila uliofuata mpaka akazeekea katika Seneti. "Marais wamekuja wakaenda, yeye yupo tu," Baba alisema, kana kwamba anamsifu mjomba wake. Siku ya kuagana seneta alimwachia kadi yenye anwani. "Amesema watu wakimwandikia, huwajibu."

Miezi michache baadaye ikaja simu kutoka Butere, nyumbani kwa Baba: Nyanya amefariki. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Lakini mfiwa wetu, mwana wa kiume wa pekee wa marehemu, alikuwa Doha. Enzi hizo Baba hangeweza kutoka nchini bila kibali cha kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, na kafili wake alikuwa safarini Ulaya. Baba alikwenda ofisini asubuhi, akarudi mchana, akaenda tena kesho yake. "Subiri mkubwa arudi, ndugu yangu," karani alimwambia. Hakuwa mtu mbaya. Sahihi tu haikuwa yake.

"Tukungoje hadi lini?" shangazi yangu alimuuliza Baba kwa simu. Mimi nikachana karatasi ya daftari nikamwandikia seneta, kwa Kiingereza changu cha darasa la tano, kwamba Baba ndiye yule dereva, kwamba mama yake amekufa, na kwa kuwa yeye anatunga sheria, amwombe mtu amruhusu Baba aende nyumbani. Mama aliisoma, akajifuta machozi, akaitia stempu. Nadhani alijua kwamba haingefika kwa wakati. Mimi sikujua.

Nyanya alizikwa Jumamosi. Baba alisimama jikoni na simu sikioni, huku shangazi akiinua yake karibu na kaburi ili kaka yake asikie. Zilisikika nyimbo, kisha udongo ukidondoka. Laini ikakatika, na Baba akaendelea kuishikilia simu palepale. Kibali kilitiwa sahihi siku nne baadaye.

Jibu la seneta lilikuja baada ya wiki nyingi: picha yake akitabasamu, na barua ya kunishukuru, ikieleza kwamba ofisi yake huwahudumia wakazi wa jimbo lake pekee. Nililia kwa hasira. Baba aliisoma mara mbili. "Amejibu, Nekesa," akasema, akaikunja taratibu. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Jambo lililotuzamisha sisi lilikuwa karatasi moja mezani pa seneta.

Leo mimi ni muuguzi, naishi Al Wukair, nje kidogo ya Doha, na vibali vile vimeondolewa kwa wengi wetu. Nikitaka kusafiri, nanunua tiketi nikaondoka. Mwaka jana nilisoma kwamba yule seneta amefariki, nikampigia Baba, aliyestaafu na kurudi Butere.

"Wamemzika wapi?" akauliza.

"Kwao, shambani kwa baba yake."

"Na watoto wake walikuwepo?"

"Wote, Baba."

"Basi vizuri," akasema. "Hiyo ni vizuri sana."