Macho kwenye Tangi la Mwalimu Anita

Nilimdhania jirani yangu mchawi, na hadi leo nikikutana naye sokoni natazama chini. Mwalimu Anita, tunayepakana naye hapa Bagara, alisafiri akaniachia ufunguo nimlishie gapi wake, samaki watano wadogo wa mapambo wanaoishi kwenye tangi la kioo sebuleni.

Siku ya tatu nilikuta macho meusi katikati ya majani ya tangi, mengi, yasiyo na miili. Niliposogea, nayo yalisogea. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Kesho yake yalibaki machache, na wale watano walikuwa wametulia, hawataki chakula.

Nikawaita akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani. Tulipiga magoti kulizunguka tangi, mimi nikikemea kwa sauti roho alizozituma Anita, mara mwenyewe akaingia na begi lake.

"Shikamoo, Mama Paskali."

Badala ya kuitikia, nilimwonyesha tangi kwa kidole. Aliinama kwenye kioo.

"Kumbe wamezaa, na vitoto vyao miili ni kama kioo, huonekana macho tu. Hawa hawatagi mayai, na wasipotengwa hula watoto wao." Akanyanyuka taratibu. "Sasa mama, roho niliyoituma mimi ni ipi?"

Akina mama wote wakanigeukia.