Mama Alikaa Chini

Jumatatu hiyo tulikuwa tunang'oa mihogo. Kesho yake ilikuwa siku ya soko Bwera, ng'ambo ya mto Lhubiriha, na Mama hakupenda kupeleka mihogo iliyolala. Alisema wanunuzi wa Uganda wanainusa mpaka inaona haya. Shamba letu lilikuwa upande wa Kongo, mwendo wa saa moja hivi kutoka darajani. Tulichoma mihogo miwili, tukainyunyizia chumvi ya Kabatoro, tukala. Binti yangu Masika, miaka minne, alikuwa anafukuza panzi kwenye matuta.

Lazima nieleze jambo moja kwanza. Nilipokuwa mtoto, jeshi la kigeni liliingia kwetu. Walisema wanaleta usalama, na labda kuna mahali waliufikisha, kwetu sikuuona. Nilichoona ni barabara iliyojaa sare, na amri moja: kaa chini. Ukikutana nao njiani unakaa hapo hapo, mikono juu ya magoti, mpaka wapite. Anayekimbia ni adui. Mjomba wangu alikimbia. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, hakuwa adui wa mtu, aliogopa tu. Nani alimpiga risasi hatujui mpaka leo.

Basi Mama akatufundisha. Jioni, kabla ya chakula, alipiga makofi uani na sisi watoto tukajitupa chini. Wa mwisho kukaa alichekwa. Mimi sikuwahi kuwa wa mwisho.

Jeshi lile lilirudi kwao. Nikaenda sekondari Butembo, nikafundishwa kwamba vita viliisha, wakubwa walitia sahihi. Lakini bunduki hazikutia sahihi. Zilibaki msituni, zikabadilisha wenyewe kila baada ya miaka michache. Sare nazo zilipita mikono mingi, hata ukimwona mtu amevaa, hujui ni askari wa nani.

Jumatatu ile walitokea kwenye migomba, watu sita au saba. Sare safi. Mmoja akasema kwa Kiswahili cha kambini:

"Kaa chini."

Mama alikaa. Mara moja, mikono juu ya magoti. Majirani wa shamba la pili, mume na mke, wakakaa. Magoti yangu yalikuwa yameshakunjika, nasema kweli. Mwili ulitii kabla sijafikiri.

Masika alikimbia.

Hakuwa amefundishwa. Niliona aibu kumchezesha mchezo ule wakati redio inasema amani. Kila mara nilisema mwezi ujao.

Nikainuka kumfuata.

"Kala chini, Mbambu," Mama akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekaripia kanisani. "Beko basoda tu. Hukumufundisha huyu mutoto?"

Kwake hao walikuwa askari tu, wangepita.

Nilimfikia Masika kwenye korongo. Nikamziba mdomo.

Hatukusikia risasi. Walikuwa na mapanga.

Tulivuka mto mbali na daraja, maji kiunoni, yeye mabegani.

Upande wa Bwera askari wa Uganda walikuwa wanawakusanya waliovuka kwenye uwanja. Afande mmoja akatuambia tukae chini tuandikwe majina. Aliongea kwa upole, sina la kumlaumu. Uwanja mzima ukakaa kwa pamoja, wazee kwanza. Mimi nikabaki nimesimama.

"Mama, kaa upumzike. Umebeba mutoto."

"Nitasimama, afande."

"Unaumwa?"

"Hapana."

Akaniandika hivyo hivyo.

Siku ya tatu wanaume walirudi shambani kuwazika maiti. Walisema Mama hakuwa amesogea hata hatua moja. Walidhani wananifariji.

Mwaka huu nilialikwa Kasese kwenye mkutano wa wanawake wa mpakani, ukumbi wa hoteli, maji ya chupa mezani. Msemaji mmoja akasema miaka ile ya jeshi la kigeni ilikuwa na mabaya yake, lakini ilituachia nidhamu. Watu wetu ni watulivu. Ukumbi ukapiga makofi. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti, na bado magoti yangu yalishtuka. Nilitoka kabla ya chai. Kama ningebaki ningemwambia akaione nidhamu hiyo, iko chini ya matuta yetu ya mihogo, watu watatu.

Nina hasira na wale wenye mapanga. Nina hasira na waliokuja kabla yao na amri yao, wakaondoka, wakaiacha amri. Nina hasira na Mama pia, Mungu anisamehe, maana somo lake lilituokoa. Hilo siwezi kulikana. Mara ngapi tulikaa kando ya barabara ile, wakapita, tukaamka tukaenda nyumbani kula? Alitufundisha vizuri. Alitufundisha kwa ajili ya jeshi lililokwisha kuondoka, na hakuna aliyekuja kumwambia aache. Alikufa akijua kwamba mimi ndiye niliyezembea.

Masika ana miaka minane sasa. Mwalimu wake hapa Bwera analalamika kwamba watoto wakiambiwa wakae, yeye kwanza anageuka kutazama mlango. Darasa zima linamngoja. Nilimwambia mwalimu kwamba nitaongea na mtoto wangu.

Sijaongea naye.