Bado Mko Palepale?

Alfajiri, kabla mlinzi hajafungua geti la wagonjwa, fundi wa seva, mtambo unaoendesha tovuti ya kliniki hii, ameshakaa kitini. Macho mekundu, chai imepoa. Anabadilisha saa za daktari wa macho kwenye faili, anaizima seva, anaiwasha upya. Kisha anatoa simu yake mwenyewe na kufungua tovuti kama mgonjwa.

"Siamini mpaka nione," anasema. "Hii ilishanitoa jasho."

Zamani, kila mgonjwa aliyeingia kwenye tovuti kutafuta miadi aliilazimisha seva kusoma upya faili lilelile: anwani, simu, saa za kazi. Asubuhi watu wakija kwa mkupuo, mtambo ulikuwa hoi. Fundi akaupanga usome mara moja tu unapowashwa, uyahifadhi hayo kichwani mwake, na kila anayekuja apewe yaleyale. Tovuti ikawa nyepesi, na wenzake wakambandika jina la Dada Chapchap.

Tatizo ni kwamba ukibadilisha faili, kilichomo kichwani hakibadiliki. Lazima seva iwashwe upya, na ukifanya hivyo mchana unawakata watu walio katikati ya kuandikisha miadi. Kliniki ilipohamia jengo jipya, alirekebisha anwani mchana, akajiambia ataiwasha seva alfajiri. Alfajiri hiyo usingizi ukamshinda.

Wagonjwa wakaendelea kuelekezwa jengo la zamani. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi, aliyekwenda kusafishwa kidonda cha mguu.

"Nilikaa kwenye ngazi mpaka jua likanichoma," mama husimulia mpaka leo. "Nikasema, madaktari wa siku hizi wanalala! Kumbe aliyelala ni mwanangu."

Mama hucheka. Binti hacheki.

"Angenigombeza ningepata nafuu," anasema. "Aliniuliza tu kama nimekula."

Sasa anaandika programu itakayoiwezesha seva kulisoma faili yenyewe kila linapobadilika, bila kumkata mtu. Bosi anasema kuna kazi za haraka zaidi, kwa hiyo anaifanya anapopata upenyo, huku akipiga miayo.

Kabla hajamaliza kueleza, simu inaita. Ni mama. Ana miadi leo, na tangu siku ile haji bila kuuliza.

"Eti mwanangu, bado mko palepale?"

"Tupo palepale, mama. Njoo."

Anaweka simu mezani, anajifuta uso kwa viganja.

"Natamani siku moja aje tu," anasema. "Asinipigie."