Chupa ya Mkwe Kwenye Karai Langu

Miaka ishirini nachimba dhahabu Nyang'hwale, nikaamini hakuna kinachoweza kunishangaza. Darasa la nne sikumaliza, lakini maduara matatu, mashimo ya kuchimbia dhahabu, ni yangu.

Jumamosi Baba Daudi alikuja kumposea mwanawe binti yangu Kabula. Yeye hulima zabibu chini ya milima huko Dodoma. Akaweka chupa mezani.

"Divai hii niliitengeneza mwaka aliozaliwa Daudi. Mkitukubali, tutainywa pamoja."

Ndani ya chupa, chini kabisa, niliona chenga zinameta. Nikajisemea, huyu mzee shamba lake lina dhahabu, anatuficha! Wageni walipokuwa wananawa, nikaichukua chupa kwa siri hadi uani, nikaimimina kwenye karai, nikaanza kuyumbisha kama mchanga wa duara. Divai yote ikaenda ardhini. Nikaing'ata chenga moja. Chachu kama ndimu!

"Baba Kabula, unatafuta nini?"

Mkwe, Baba Daudi, alisimama nyuma yangu, Kabula pembeni yake analia.

"Dhahabu," nikasema.

"Hiyo ni chumvi ya zabibu, huganda divai ikikaa miaka mingi, mzee mwenzangu. Posa yetu umeimwaga."

Wazee wa pande zote mbili wakasema ndoa ipo, ila faini yangu ni kupunguziwa ng'ombe watatu kwenye mahari ya Kabula: thamani yake shilingi milioni mbili na laki nne.