Kidole Changu na Uvimbe wa Shingoni

Nilifuta miadi ya picha hospitalini kwa sababu kidole changu kilisema niko sawa. Ndivyo ilivyokuwa, na sina namna ya kuipamba.

Nilikuwa na saratani, uvimbe shingoni, na matibabu ya mionzi yalikuwa karibu kuanza. Kwanza daktari alitaka picha ya kuonyesha ni sehemu gani za uvimbe zinakosa oksijeni. Sehemu hizo, alisema, ni sugu kwa mionzi. Zisipojulikana zinaweza kubaki hai na ugonjwa ukarudi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa, katika jengo letu hapa Saint Paul, ughaibuni, Wakenya karibu wote wanahudumia wagonjwa, na kila nyumba ina kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Mimi niliachiwa cha jirani wa mlango wa pili, mama anayefanya zamu katika makao ya wazee kule Eagan. Asubuhi moja ya theluji, nikitafuta sababu ya kutotoka, nikakibana. Tisini na nane kwa mia. Nikajiambia: mwili umejaa oksijeni, uvimbe nao uko mwilini, basi picha ya nini? Nikapiga simu, nikafuta, nikarudi kwenye kochi na chai yangu. Kidato cha nne nilifanya mtihani wa biolojia; nilipata ngapi si hoja.

Jirani alipokuja kuchukua kidude chake nikampa habari njema.

"Ume-cancel?"

"Nina tisini na nane."

"Mzee, hiyo ni ya kidole. Saratani iko kidoleni?"

"Iko shingoni."

"Haya, lete simu."

Akaongea na watu wa hospitali kwa sauti yake ya kazini, wakanipa nafasi nyingine, na siku ilipofika akanipeleka mwenyewe, asije akanikuta kochini. Nilidungwa dawa inayong'ang'ania mahali palipopungukiwa na oksijeni, nikasubiri, nikaingizwa kwenye mashine.

Baadaye mtaalamu akanionyesha matokeo. Picha pekee, alisema, haioni mishipa midogo ya damu. Kwa hiyo kompyuta hukokotoa: damu ikipita hapa, oksijeni itapenya umbali gani kabla chembe hai za njiani hazijaimaliza? Nikakumbuka mfereji wa shamba la sukuma wiki nyumbani: mistari ya karibu na maji imenenepa, ya mbali imenyauka. Kisha kompyuta hulinganisha hesabu yake na picha, ikirekebisha mpaka vikubaliane.

"Bado ni makadirio," akasema. Nilimwamini zaidi kwa hilo.

Katikati ya uvimbe palikuwa na doa la bluu, dogo kama punje ya haragwe. Huko oksijeni haifiki, na huko ndiko wangeelekeza mionzi zaidi. Kama ningebaki na kidole changu, doa lile lingepata mionzi kiasi kilekile cha sehemu zinazolizunguka, na labda lingenizika.

Niliporudi nikamsimulia jirani yote: chembe za katikati zimejifungia, hazisogei, hazipati hewa, na kuziua ni kazi. Alikuwa anafungua dirisha langu, ambalo mimi huligusa mwezi wa tano tu, baridi ikiisha.

"Zinashinda ndani, hazipati hewa, na zikiguswa zinakataa," akasema. "Hapo zimekufuata wewe."