Sufuria Iliyokonda

Kwetu Nyamitaba, sufuria inayong'aa nje tu ni sufuria ya mvivu. Mama yangu aliitaka ing'ae na ndani. Kwa hiyo utoto wangu niliumaliza nimeinama mtoni, nikisugua sufuria moja kubwa kwa mchanga, majivu na gunzi la muhindi, huku nikinung'unika. Maji yalitoka ya kijivu. Nikimwonyesha mama, alisema, "Ile njo buchafu inatoka. Sugua tena." Uchafu huo haukuisha miaka yote hiyo, na katika nyumba nzima hakuna aliyejiuliza sufuria moja inaupata wapi.

Sufuria yenyewe ilitoka Kashebere, kwa fundi aliyeyeyusha vyuma vikuukuu na kuvimimina kwenye mchanga. Mama alipoolewa, mama yake alinunua mbili zinazofanana kabisa, moja ya mama na moja ya mdogo wake. Mama aliitumia yake kila siku kwa sombe, yaani majani ya muhogo, maharage, na nyama siku ya Noeli. Mama mdogo aliipandisha yake juu ya kabati, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, na mpaka leo haijaona moto. Mama alimcheka kwa hilo maisha yake yote.

Sasa baba. Baba ni mfugaji, na alinenepa jinsi mfugaji mwenye mke hodari anavyotazamiwa kunenepa. Asubuhi mashanza, yale maziwa mazito yaliyoganda, mchana jibini, jioni bugali. Kila tundu jipya alilotoboa kwenye mkanda wake, mama alilipokea kama pongezi. Akirudisha sahani yenye kitu, mama alinuna. "Unataka batu baseme sikulishake?" Baba akaivuta tena sahani. Ni mtu wa amani.

Akipanda mlima kwenda kwa ng'ombe, alisimama mara tatu. Kila aliposimama alishika kiuno, akatazama mbali, akasema anakagua majani. Mimi niliamini. Nadhani hakuna malisho Masisi nzima yaliyokaguliwa kama yetu.

Mwaka jana, asubuhi moja ya baridi, aliyakagua akiwa amekaa chini, jasho likimtiririka. Niliogopa kweli. Nikampeleka kituo cha afya, na mama akafuata ili ajibu maswali yote yeye. Infirmier, muuguzi mwenye subira, alimfunga baba kitambaa cha kupimia presha. Hakikutosha mkono. Akatafuta kikubwa zaidi, akapima, akapima tena.

"Papa, tension iko juu sana. Na kilo ziko mingi. Roho yako inabeba batu babili."

Mama akatazama ukutani. Infirmier akamgeukia. "Mama, chakula munapikaka mu nini?"

"Mu sufuria ya Kashebere," mama akasema kwa majivuno. "Na ndani nasuguaka!"

Nilikohoa. Nikamweleza infirmier nani hasa aliyesugua, na yale maji ya kijivu. Akaweka kalamu chini. Alisema mafundi wengine hutupa hata betri za gari kwenye moto pamoja na vyuma, na risasi iliyomo, ile metali yenye sumu, huingia kwenye sufuria, kutoka hapo kwenye mboga, kisha kwenye damu. Hupandisha presha na kuumiza moyo, hata wa mtu mwembamba, na baba hakuwa mwembamba. Kusugua ndani kunazidisha. Hakuwa na kipimo cha kujua baba amekula kiasi gani cha risasi hiyo.

"Lakini ile maji ya kijivu haiko buchafu, Mama," akasema. "Iko sufuria yenyewe."

Mama alikasirika njia nzima. Zawadi ya mama yake itukanwe na mtu wa kupima mikono! Tulipofika alipitiliza kwa mdogo wake, wakarudi pamoja, mama mdogo amebeba ile sufuria ya kabatini kichwani, kitambaa bado juu. Mama alitaka tuone kwamba sufuria za mama yake hazina kasoro. Akaziweka mlangoni. Akainua yake kwa mkono mmoja. Akashika ya mdogo wake kwa mkono mmoja, ikamshinda, akaongeza wa pili. Akairudisha chini polepole. Akagonga kitako cha yake kwa ukucha, kikalia kama kopo.

"Kipande ingine iko wapi?" akauliza.

Wote tukamtazama baba. Baba akalitazama tumbo lake.

"Njo maana niko muzito," akasema. "Nilikula sufuria."

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mama alicheka naye, kisha katikati ya kicheko akaanza kulia. Mimi niliitazama mikono yangu. Nilikuwa msuguaji hodari sana, na siku hiyo niliona uchungu kuwa hodari.

Jioni tulipika kwenye chungu cha udongo. Mama alimpakulia baba bugali nusu, akafunika uliobaki upesi kabla hajamwonea huruma.

Asubuhi akachukua ndoo ya maziwa na kupanda mlima pamoja naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilikuwa nyuma yao. Pale pa kwanza baba akasimama, akashika kiuno, akatazama mbali. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata ua wa ng'ombe haukuonekana.

"Unaangalia nini, Papa?" mama akamwuliza.

Baba akauondoa mkono kiunoni. "Hakuna kintu naangalia," akasema. "Natafuta pumuzi."

Mama akatua ndoo, akasimama naye mpaka akaipata.